Ukaguzi Usioweza Kuizuia Ndege Si Ukaguzi

Kila mwaka, katika darasa langu la jioni la utawala wa umma, ninatenga kipindi kimoja kwa ajili ya tairi za ndege. Wengi wa wanafunzi wa darasa hilo ni watumishi wa serikali wanaofika wakiwa wamechoshwa na kazi za mchana: maofisa wa halmashauri, wakaguzi wa hesabu, maofisa wa afya, askari mmoja au wawili. Hushangaa. Walijiandikisha kusoma nadharia za urasimu na uwajibikaji, na mwalimu anawaletea habari za mpira na upepo. Kipindi kinapokwisha mshangao huwa umeondoka, kwa kuwa wengi wao wametambua kwamba kisa kile ni cha ofisi zao.

Kisa chenyewe ni hiki. Asubuhi ya tarehe 11 Julai 1991, ndege aina ya DC-8 ya kampuni ya Nationair ya Kanada, iliyokuwa ikiruka kwa niaba ya shirika la Nigeria Airways, iliondoka Jeddah kuelekea Sokoto. Ndani yake mlikuwa na mahujaji 247 waliokwisha kutimiza nguzo ya tano na sasa walikuwa wakirejea kwao, pamoja na wafanyakazi 14 wa ndege. Baadhi ya tairi za mguu wa kushoto zilikuwa na upepo pungufu. Tairi mbili zilizo katika ekseli moja hugawana mzigo; moja ikilegea, mwenzake hubeba sehemu isiyo yake. Ndege ilipokuwa ikienda polepole kuelekea kwenye njia ya kurukia, tairi iliyoelemewa ilipata joto na kudhoofika. Mwanzoni kabisa mwa mbio za kuruka ikapasuka, na ya pili ikafuata. Gurudumu likaacha kuzunguka, likaburuzwa juu ya lami, na msuguano ukawasha moto.

Marubani walihisi mtikisiko, lakini hawakuwa na njia ya kuona kilichokuwa kikitokea chini yao. Wakafanya kila rubani anachofanya baada ya kuruka: wakakunja magurudumu. Kwa tendo hilo la kawaida, moto ukaingizwa ndani ya mwili wa ndege. Walijaribu kurudi Jeddah huku mifumo ikizimika mmoja baada ya mwingine. Ndege ilianguka kabla ya kuifikia njia ya kutulia, na watu wote 261 wakafariki. Hadi leo hakuna ajali ya DC-8 iliyoua watu wengi kuliko hiyo.

Hapo husimama kidogo, kisha huwaeleza wanafunzi jambo linalokifanya kisa hiki kiwe somo la utawala. Upungufu ule wa upepo ulijulikana. Siku chache kabla ya ajali mafundi walizipima tairi na kukuta haziko sawa. Kujaza upepo au kubadilisha tairi kungechukua muda, na ratiba ya kusafirisha mahujaji ilikuwa imekwisha kuchelewa. Aliyekuwa akisimamia mradi kwa upande wa kampuni, mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuhakikisha ratiba inakwenda, hakuikubali kazi ambayo ingeichelewesha ndege. Ndege ikaendelea kuruka.

Tazama basi kilichokuwapo na kilichokosekana. Kanuni ya kiwango cha upepo ilikuwapo. Kipimo cha upepo kilikuwapo. Fundi mwenye ujuzi alikuwapo, na alikagua. Kilichokosekana ni mkono wenye uwezo wa kusema ndege hii haiondoki, na neno hilo likawa la mwisho.

Miaka miwili iliyopita, nilipofika hapo, mwanafunzi mmoja anayefanya kazi katika mizani ya magari barabarani aliinua mkono. Sitaitaja ofisi yake wala mkoa wake. Alisema, “Dokta, mimi ndiye fundi huyo.” Darasa likacheka, naye hakucheka. Akaeleza kwamba aliwahi kupima lori lililozidisha uzito, na kabla hajamaliza kuandika, simu yake iliita. Aliyepiga hakutaja lori. Alimuuliza tu habari za kazi, akamuuliza kama familia yake imekwisha kuzoea pale mahali, kisha akamuuliza kama angependa kubaki pale. “Siku ile halikupimwa lori,” alisema. “Nilipimwa mimi.”

Nimeyakumbuka maneno hayo kila ninaposoma mahali kwamba ukaguzi fulani ni wa lazima. Lugha ya sheria husema kwa nguvu: lazima, itapaswa, haitaruhusiwa. Swali ambalo sheria nyingi hulipita kimya ni kwamba lazima hiyo inamfunga nani. Inamfunga mkaguzi akague, au inamfunga na mkubwa wake akubali matokeo?

Nimeichagua miguu ya ndege kwa sababu ni mahali ambapo swali hilo haliwezi kufichwa kwa maneno. Kwa sehemu kubwa ya safari miguu hiyo imekunjwa na haina kazi. Kisha, kwa sekunde chache, hubeba tani nyingi za ndege inayoshuka kwa kasi, na baada ya hapo hutakiwa kuizuia isimame. Chuma chake ni cha nguvu ya hali ya juu, na chuma cha namna hiyo kina tabia ya hatari: hakipindi kwanza na kutoa ilani kama kinavyopinda chuma laini. Alama ndogo ya kutu huweza kuzaa ufa, ufa hukua kidogo kidogo kila ndege inapotua, na siku moja chuma hukatika ghafla.

Ndiyo maana ukaguzi wake umepangwa kwa ngazi. Kabla ya kila safari mtu huizunguka ndege kwa miguu akitazama tairi, breki na dalili za mafuta ya haidroliki yanayovuja. Baada ya saa au safari kadhaa huja ukaguzi wa kina zaidi, wa kufungua na kupima. Na kwa ndege nyingi kubwa za abiria, takriban kila miaka 10, miguu yote huvuliwa na kupelekwa karakana maalumu. Huko huchomolewa kipande kwa kipande na kuondolewa rangi. Vipande hupakwa kimiminika kinachopenya ndani ya nyufa, au husumakishwa na kumwagiwa unga wa chuma, ili ufa usioonekana kwa macho ujichore wenyewe. Kisha hutiwa kinga dhidi ya kutu, hupakwa rangi upya na kurudishwa.

Kila ngazi humalizikia katika saini. Na saini hiyo ni ya mtu mwenye leseni, kwa jina lake. Kampuni haiwezi kutia saini kwa ujumla wake, na mkurugenzi hawezi kumsainia fundi kwa kuwa ana cheo kikubwa kuliko yeye. Walioandika kanuni hizo walijua kwamba wajibu ukigawanywa kwa watu wengi huwa hauna mwenyewe.

Tena, saini hiyo huvuka mipaka. Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, ambao ndio msingi wa usafiri wa anga wa kimataifa, unazitaka nchi wanachama zipokee vyeti vya ustahiki wa kuruka vilivyotolewa na nchi nyingine, mradi vyeti hivyo vimetolewa kwa masharti yasiyopungua viwango vya chini vilivyokubaliwa. Kwa hiyo mkaguzi wa Dar es Salaam au Nairobi anapotia saini, anaandika hundi ambayo itapokewa Mumbai na Guangzhou. Na hundi, kama tujuavyo, huwa na thamani pale tu penye amana nyuma yake.

Kanuni hizi nazo hazikuandikwa na watu waliokaa ofisini wakiwaza mabaya. Tarehe 31 Machi 1986 Boeing 727 ya shirika la Mexicana iliondoka Jiji la Mexico. Breki moja ilikuwa imepata joto kupita kiasi, na tairi yake ilikuwa imejazwa hewa ya kawaida badala ya naitrojeni. Hewa ya kawaida ina oksijeni, na oksijeni hulisha moto. Tairi ililipuka ndege ikiwa angani, ikaharibu mabomba ya mafuta na mifumo mingine, na watu 167 wakafa. Mwaka uliofuata mamlaka ya anga ya Marekani ilitoa agizo la lazima kwamba tairi za magurudumu yenye breki katika ndege za namna hiyo zijazwe naitrojeni au gesi nyingine isiyochochea moto. Fundi anayesukuma mtungi wa naitrojeni kuelekea kwenye ndege leo anatekeleza wosia wa watu 167, hata kama hajapata kusikia habari zao.

Sasa niwapeleke wasomaji Denmark na Lithuania, kwa kuwa kuna kisa kingine ambacho huwa nakiweka kando ya kile cha Jeddah. Kisa hiki nacho kinatuhusu kwa njia ya moja kwa moja: ndege inayohusika ni Dash 8 Q400, aina ile ile ambayo Air Tanzania ilianza kuitumia mwaka 2016, na ambayo Jambojet ya Kenya pia huitumia. Wengi wetu tumeipanda. Mabawa yake yako juu ya madirisha, na miguu yake hutoka chini ya injini, hivyo abiria wa viti vya katikati huiona ikifunguka na kushuka.

Tarehe 9 Septemba 2007, ndege ya aina hiyo ya shirika la SAS ilitua Aalborg, Denmark. Mguu wa kulia ukavunjika, pangaboi likagonga lami, na ndege ikaburuzwa kwa ubavu. Siku tatu baadaye, tarehe 12 Septemba, ndege nyingine ya shirika hilo hilo ilipatwa na jambo la namna hiyo hiyo Vilnius. Hakuna aliyekufa katika ajali hizo mbili. Wachunguzi walikuta kutu ndani ya hesi, ile mistari ya mzunguko inayoshikanisha vyuma viwili, katika kifaa kinachokunja na kukunjua mguu. Kutu ilikuwa mahali ambapo jicho la fundi anayeizunguka ndege haliwezi kufika bila chuma kufunguliwa.

Kilichofuata ndicho ninachotaka tukitazame. Mtengenezaji alipendekeza ndege za aina hiyo zilizokwisha kutua zaidi ya mara 10,000 zisiruke hadi zikaguliwe, na mamlaka ya Kanada, nchi zilikotengenezwa, ikatoa agizo la lazima la ukaguzi. Ndege nyingi duniani zikabaki chini. Safari zikafutwa, abiria wakakasirika, fedha zikapotea. Kisha, tarehe 27 Oktoba mwaka ule ule, ndege ya tatu ya SAS ilitua Copenhagen mguu mmoja ukiwa haujashuka. Safari hii chanzo hakikuwa kutu. Kipete kidogo cha mpira kilikuwa kimeziba njia ya mafuta ya haidroliki. Hapa pia hakuna aliyekufa. Siku iliyofuata shirika lilitangaza kwamba linaziondoa kazini Q400 zake zote 27, moja kwa moja.

Mtu anaweza kubishana kama uamuzi ule wa mwisho ulikuwa wa lazima kitaalamu. Ndege za aina hiyo, baada ya marekebisho, zimeendelea kufanya kazi kwa miaka mingi katika nchi nyingi, zetu zikiwemo. Lakini hakuna anayeweza kubisha kwamba katika mfumo ule neno la mkaguzi lilikuwa na uzito wa kuziketisha chini mali za mamilioni. Jeddah ratiba iliushinda ukaguzi. Mwaka 2007 ukaguzi uliishinda ratiba, tena ratiba za mashirika mengi kwa pamoja.

Na sasa niulize: nani anakumbuka Septemba ile? Jeddah kuna makaburi. Kwa ndege zilizobaki chini mwaka 2007 hakuna kaburi wala kumbukumbu ya kila mwaka. Hakuna mtu anayeweza kusimama na kusema, mimi ndiye niliyeokolewa na agizo lile, kwa sababu hajui. Ukaguzi unapofaulu hauachi shahidi. Unaacha risiti za hasara, malalamiko ya abiria na barua ya mkubwa anayeuliza kwa nini ndege ilichelewa. Hii ndiyo sababu siasa zetu haziupendi. Mwanasiasa huzindua ndege kwa ngoma na keki, na hakuna anayezindua kutu iliyogunduliwa kabla haijaua. Faida ya ukaguzi ni jambo ambalo halikutokea, na jambo ambalo halikutokea halipigiwi kura.

Wala si wanasiasa peke yao. Mwaka juzi nilikuwa katika uwanja mmoja wa ndege wa mkoani, tukingoja safari ya jioni. Tulikwisha kupanda na kufunga mikanda, kisha tukaombwa tushuke. Fundi kijana, mwenye tochi na fulana ya kung'aa, alikuwa ameona kitu asichokipenda kwenye mguu mmoja. Tukarudi ukumbini. Kwa nusu saa ya kwanza watu walivumilia. Baada ya hapo mfanyabiashara mmoja akaanza kupaza sauti kwamba ana mkutano, na kwamba hawa watu hawana utaratibu. Bwana mmoja aliyevaa suti akatoa simu na kusema, kwa sauti ya kusikika na wote, kwamba atampigia mtu. Wengine wakamtia moyo ampigie. Wasafiri wenye elimu yao, watu ambao jioni moja kabla wangeweza kulaani rushwa na uzembe wa serikali, walikuwa wakitafuta mkubwa wa kumlazimisha fundi afumbe macho.

Aliyewanyamazisha alikuwa mama mmoja mtu mzima aliyejitanda kanga. Alisema, bila kuinuka, “Wanangu, mimi ndiye ninayewahi maziko, tena ya ndugu yangu, na nimekaa kimya. Mwacheni huyo kijana amalize kazi yake. Maziko ni moja, tusiyazidishe.” Bwana wa suti akarudisha simu mfukoni. Tuliondoka baada ya saa mbili na ushei. Yule fundi alipita karibu nasi akiwa na mafuta mikononi, na nilisikia watu wawili tu wakimwambia ahsante.

Ninalisimulia hili kwa sababu mara nyingi tunazungumza kana kwamba shinikizo juu ya mkaguzi hutoka juu peke yake. Hutoka juu, hutoka kando, na hutoka kwetu sisi tunaolindwa naye. Abiria anayedai ndege iruke, mzazi anayedai mwanawe apite mtihani, mwenye nyumba anayedai kibali kabla msingi haujatazamwa: wote wanamsukuma yule yule mtu wa mwisho katika mstari, yule mwenye tochi.

Tunajua pia gharama ya kumsukuma. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara katika Ziwa Viktoria. Uwezo wake ulikuwa abiria 101. Waliokufa peke yao walizidi 220. Chombo ni kingine na maji si anga, lakini mwanafunzi wangu wa mizani angekitambua kisa hiki mara moja. Idadi inayoruhusiwa ilijulikana. Hesabu ya kuwahesabu watu gatini si elimu ya juu. Kwa hiyo kila anapotokea mtu kutuambia kwamba tunahitaji sheria mpya, ninamwomba kwanza atuoneshe ni nani, katika gati lile, aliyekuwa na mamlaka ya kusema kivuko hakiondoki, na ambaye angeamka kesho yake akiwa bado na kazi.

Swali hilo limepata uzito mpya kwa Tanzania. Desemba 2024 Tume ya Ulaya iliiweka Air Tanzania katika orodha ya mashirika yasiyoruhusiwa kuruka katika anga ya Umoja wa Ulaya. Juni 2025 zuio hilo lilipanuliwa likajumuisha mashirika yote ya ndege yaliyopewa vyeti nchini. Nimewasikia wasomi wenzangu wakilijadili kwa namna mbili. Wapo wanaoona ni kiburi cha Ulaya, na historia inawapa sababu ya kushuku. Wapo wanaolishangilia kama fimbo ya kuichapia serikali. Pande zote mbili zinaipita hoja yenyewe. Sababu iliyotolewa kwa kuyafungia mashirika yote kwa pamoja ni udhaifu katika usimamizi wa usalama unaofanywa na mamlaka ya nchi. Kwa maneno mengine, kilichotiliwa shaka ni ile amana iliyo nyuma ya hundi. Kwa hiyo shirika binafsi lenye mafundi hodari linaweza kujikuta nje pamoja na lisilo nao, maana wote wamesainiwa na mkono ule ule.

Jibu la jambo hilo haliwezi kuwa hotuba ya uzalendo, wala haliwezi kuwa kununua ndege nyingine. Ndege mpya huja na miguu mipya, lakini haiji na mkaguzi. Mkaguzi wa serikali mwenye uwezo wa kuitazama karakana ya shirika la ndege na kuiambia hapana huchukua miaka mingi kumfunza, na huhitaji mshahara utakaomfanya asitamani kuhamia kwenye shirika analolikagua. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianzisha wakala wake wa usalama wa anga, CASSOA, wenye makao Entebbe, ili nchi zetu zishirikiane katika kanuni na wataalamu. Hilo ni wazo jema, kwa sababu nchi moja peke yake ni vigumu kuwa na wataalamu wa kila aina ya ndege. Lakini wakala wa kikanda hauwezi kumpa mkaguzi wa nchi kile ambacho serikali yake mwenyewe haijataka kumpa.

Kuna ugumu hapa ambao sitaki kuuficha. Mkaguzi naye ni binadamu. Anayeweza kuizuia ndege kwa sababu ya kutu anaweza kuizuia kwa sababu ya bahasha. Watumishi wa umma wanaosoma hapa wanajua kwamba vituo vyenye mamlaka ya kuzuia ndivyo hivyo hivyo vyenye majaribu makubwa. Wapo wanaosema kwamba dawa ni kuyapunguza mamlaka hayo na kuyapandisha juu, kwa mkurugenzi au waziri. Mimi naona hiyo ni kuhamisha ugonjwa. Ukipandisha mamlaka ya kuzuia hadi mahali ambapo ratiba na siasa zinakaa, umejenga upya ofisi ya Jeddah. Dawa iliyo katika fani ya ndege ni nyingine: mwenye kuzuia lazima aandike sababu, sababu lazima ihusiane na kiwango kilichochapishwa, na kipimo chake lazima kiweze kurudiwa na fundi mwingine. Kutu inapimika. Upepo wa tairi unapimika. Mla rushwa huishi kwenye yale yasiyopimika na yasiyoandikwa.

Katika darasa langu nimefikia hatua ya kuwaomba wanafunzi wayaweke maswali matatu mbele ya kila ukaguzi unaoitwa wa lazima, uwe wa ndege, wa kivuko, wa jengo au wa hesabu za halmashauri. Kwanza, ni nani hasa, kwa jina la cheo, anayeweza kusimamisha? Akitajwa mtu ambaye ni lazima kwanza aombe ruhusa kwa anayekaguliwa, ukaguzi huo ni maonesho. Pili, mara ya mwisho kusimamisha ilikuwa lini? Mfumo unaopitisha kila kitu kwa miaka kumi haujathibitisha kwamba vitu vyote ni vizima; huenda umethibitisha kwamba hautazami. Tatu, aliyesimamisha alikuwa wapi mwaka mmoja baadaye? Amepandishwa, amebaki, au amehamishiwa mahali ambapo hakuna cha kukagua?

Swali la tatu ndilo gumu zaidi, na ndilo ambalo wanaharakati wangeweza kutusaidia kulifuatilia. Tanzania ina Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi tangu mwaka 2015. Ni sheria inayostahili kusomwa na kila fundi na kila mkaguzi. Lakini mkaguzi anayezuia ndege si mtoa taarifa anayenong'ona gizani. Anafanya kazi aliyoajiriwa kuifanya, mchana kweupe. Ikiwa anahitaji kulindwa kama shahidi wa jinai kwa sababu ametimiza wajibu wake, tatizo letu ni kubwa kuliko sheria hiyo. Ulinzi wake wa kwanza ulipaswa kuwa utaratibu wa kawaida wa ajira: uhamisho wa mkaguzi ndani ya muda fulani baada ya kuzuia jambo kubwa utolewe sababu kwa maandishi, na sababu hiyo iweze kuhojiwa na Bunge au na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu. Utaratibu wa namna hiyo hauhitaji ndege mpya wala mkopo. Unahitaji waziri mmoja aliye tayari kujifunga mikono.

Kwa wanafunzi wangu wa zamani ambao sasa wako katika ofisi hizo, nina ombi dogo. Kabla ya mwaka huu wa fedha kwisha, fungueni kitabu cha ukaguzi cha idara yenu, chochote kile, mtafute ukurasa ulioandikwa hapana. Mkiukuta, someni ni nani aliyeuandika, kisha mumtafute mjue yuko wapi. Msipoukuta, ulizeni kwa nini.